Gemu kongwe za kuanzia nazo, na mashine ya kuzichezea

MASWALI YA WASOMAJI

Barua nyingi safari hii zinahusu mashine za gemu za zamani, zile za kuchomeka kaseti. Tumeanza na swali lililoulizwa na wengi zaidi. Tukisema Famicom tunamaanisha mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ambayo Marekani na Ulaya iliuzwa kwa jina la NES. Mashine nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ni nakala za Famicom hiyo, hata kama ganda lake limetengenezwa lifanane na PlayStation.

SWALI: Nimewanunulia wanangu, mmoja miaka 7 na mwingine 10, mashine yenye kaseti iliyoandikwa gemu 9999. Tukifungua orodha hatujui tuanze na ipi, na nyingi zinajirudia. Naomba mnichagulie chache wanazoweza kucheza wawili bila kugombana. — Mama, Tanga

JIBU: Mama, namba ya kwenye kaseti isikutishe. Kaseti za namna hiyo hubeba gemu halisi chache, pengine tano, pengine mia na ushei. Zilizobaki ni zilezile zilizopewa majina mapya au zilizorekebishwa zianzie hatua ya katikati. Pitia kurasa za mwanzo tu. Mkianza kukutana na gemu mliyokwisha kuiona, hakuna haja ya kuendelea.

Anzeni na Battle City ya Namco (1985), ile ya vifaru. Kwenye orodha huenda imeandikwa Tank, au mkaikuta Tank 1990, ambayo ni hiyohiyo iliyochezewa na watu wengine wakaiongezea vikorombwezo. Wachezaji wawili wanaingia pamoja, upande mmoja, na kazi yao ni kulinda nembo ya tai iliyo chini katikati isipigwe. Kila hatua huleta vifaru 20 vya adui, na viwanja viko 35 kabla havijaanza kurudi. Wafundishe wanao kuhesabu: kifaru cha 4, cha 11 na cha 18 hutoka kikimemeta, na kikipigwa ndipo zawadi inapotokea uwanjani. Zawadi ya kukimbilia ni nyota. Ya kwanza huongeza kasi ya risasi, ya pili hukuwezesha kufyatua risasi mbili zikiwa hewani pamoja, ya tatu huvunja hata ukuta wa chuma. Koleo hugeuza ukuta wa tai kuwa chuma kwa muda mfupi, kwa hiyo lichukuliwe wakati adui wamekaribia, si mapema.

Ugomvi katika gemu hii hutoka mahali pamoja: risasi ya mwenzako haikuui, ila inakugandisha, na ukigandishwa mbele ya adui umekwisha. Dawa yake ni kugawana uwanja. Mdogo abaki karibu na tai, mkubwa apande juu. Halafu kuna sehemu ya kujijengea uwanja wenu wenyewe kwa pedi, tofali baada ya tofali. Watoto huipenda mno, ila ujenzi wao hufutika mashine ikizimwa, waambie mapema.

Ya pili ni Dr. Mario (1990). Uwanjani kuna virusi vya rangi. Kidonge chenye rangi mbili kinashuka, unakipanga juu ya virusi hivyo hadi vinne vya rangi moja vikae mstari mmoja, navyo vinafutika. Uzuri wake kwa nyumba yenu ni kwamba kila mchezaji anajichagulia ugumu wake kabla ya kuanza. Hatua ya 0 ina virusi 4 na kila hatua inaongeza vinne, mpaka 84 kwenye hatua ya 20. Mpe mdogo hatua ya 0 na kasi ya chini, mkubwa umpe ya 8, yenye virusi 36, na wewe mama ukiingia chukua ya 10. Hakuna gemu ya zama zile inayomweka mtoto na mtu mzima meza moja kwa haki kama hii.

Super Mario Bros. (1985) lazima mtaicheza, lakini jueni kwamba wachezaji wawili wanapokezana. Mmoja anasubiri mwenzake afe. Mtoto wa miaka 7 atasubiri sana. Punguzeni machungu kwa mbinu iliyomo ndani ya gemu yenyewe: maisha yakiisha, kwenye picha ya mwanzo shikilia kitufe A ndipo ubonyeze Start, na utaanzia dunia uliyofia badala ya kurudi 1-1. Na kwenye 1-2, ile ya chini ya ardhi, panda juu ya matofali ya dari karibu na mwisho, tembea hadi upite bomba la kutokea, utakuta mabomba matatu ya kwenda dunia ya 4, 3 na 2.

Tahadhari kwa majina mawili. Bomberman ya 1985 watu huichagua wakidhani ni ya kushindana. Ni ya mtu mmoja, hatua 50. Na Tetris nayo inategemea toleo. Mkikuta kubonyeza chini kunageuza umbo badala ya kulishusha, na A inalidondosha mara moja, pedi haijaharibika. Hilo ni toleo la Japani la 1988, ndivyo lilivyotengenezwa. Toleo la Nintendo la 1989 ndilo lenye mpangilio ambao wengi wameuzoea.

SWALI: Mimi na kaka yangu tunaishia hatua ya tatu ya Contra. Kuna watu wanasema unaweza kupata maisha 30. Ni kweli? — Kijana, Bujumbura

JIBU: Ni kweli. Picha ya mwanzo ikishatulia, bonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukicheza peke yako malizia na Start. Mkiwa wawili bonyeza Select kwanza, halafu Start. Isipokubali, angalia mambo mawili. Pedi nyingi za nakala zina vitufe vinne, viwili vikiwa vya kufyatua mfululizo. Ukigusa hivyo, mashine inahesabu mibonyezo mingi na msimbo unaharibika. Pia baadhi ya pedi zimebadilishana A na B, basi jaribu kumalizia kwa A, B. Msimbo huu ulianzia gemu ya Gradius, kwenye toleo la Famicom la 1986: Kazuhisa Hashimoto wa Konami aliuweka kwa sababu gemu ilimshinda alipokuwa akiijaribu.

Lakini hatua ya tatu, ile ya maporomoko ya maji, haiwashindi kwa sababu ya maisha machache. Picha inapanda kumfuata aliye juu, na aliyebaki chini akipitwa na ukingo wa skrini anakufa. Pandeni pamoja, jukwaa kwa jukwaa, na wa juu asiruke kabla wa chini hajafika. Bunduki ya kutafuta ni S, inayotawanya risasi. Ukishaipata usiguse M, F wala L, maana zinaifuta. R na B zichukue bila wasiwasi, R inaongeza kasi ya risasi na B inakukinga kwa muda.

SWALI: Bunduki ya gemu ya bata haipigi kitu kwenye TV yangu mpya, hata nikiibandika kwenye kioo. Muuzaji amenibadilishia bunduki na bado. — Msomaji, Mwanza

JIBU: Bunduki ya pili nayo yaelekea ni nzima. Tatizo ni TV.

Ukivuta kifyatulio katika Duck Hunt, skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo cha picha moja, halafu mahali pa bata panatokea kisanduku cheupe. Ndani ya mtutu kuna jicho la kuhisi mwanga. Likiona giza kisha mweupe kwa wakati uleule mashine inaoutarajia, bata ameanguka. TV ya chogo huchora picha papo hapo, mstari kwa mstari, zaidi ya mistari 15,000 kwa sekunde, na bunduki imetengenezwa itambue mwanga unaopigapiga kwa kasi hiyo, ndiyo maana kuilenga kwenye taa hakusaidii. TV bapa kwanza huipokea picha, huichakata, ndipo huionyesha. Kisanduku kinapotokea mashine imekwisha kuhesabu kwamba umekosa, na mwanga wake haupigipigi kwa namna ile.

Tafuta TV ya chogo ya kawaida. Epuka zile za mwishomwisho zilizoandikwa 100 Hz, kwa sababu nazo zinachakata picha na bunduki haitafanya kazi. Ongeza mwangaza, kaa mita moja na nusu hadi mbili, na usiwe na dirisha nyuma ya TV. Kama mashine yako ina matundu mawili ya pedi yanayofanana, bunduki huingia tundu la pili. Ikishakubali, jaribu pia Hogan's Alley na Wild Gunman, zote za 1984, ambazo mara nyingi zimo kwenye kaseti hizohizo. Na TV ya chogo ikiharibika usiifungue nyumbani: ndani kuna umeme wa maelfu ya volti unaobaki hata baada ya kuchomoa waya.

SWALI: Shemeji yangu aliyeko Marekani amenitumia Super Nintendo na kaseti mbili. Nilichomeka adapta yake ukutani kwa plagi ya kubadilishia, ikatoa harufu ya kuungua na sasa imekufa. Je, mashine imekwisha? Na ikipona, nitafute kaseti zipi? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Plagi ya kubadilishia hubadilisha umbo la meno tu, haipunguzi umeme. Adapta ile imetengenezwa kwa volti 120, wewe umeipa 240. Kilichoungua kwanza ni transfoma iliyo ndani ya adapta, na mara nyingi hukatika kabla mashine haijaumia. Usiitupe mashine.

Mashine ya Kimarekani inahitaji DC (umeme wa mkondo mmoja) volti 10, milliampia 850, na tundu lake la umeme si la kawaida, hivyo nunua adapta iliyotengenezwa kwa ajili yake na iliyoandikwa inapokea 100–240. Hiyo ni bora kuliko transfoma ya kushusha umeme. Ukiamua kutumia transfoma, ya wati 50 inatosha, ila adapta ya zamani ilikusudiwa kwa 60 Hz, na kwa 50 Hz yetu itapata joto zaidi. Ukishapata adapta sahihi na taa nyekundu haiwaki, mpelekee fundi apime fyuzi ndogo iliyoandikwa F1 kwenye bodi, halafu kidhibiti volti cha 7805, ambacho kinatakiwa kutoa volti 5. Vyote viwili ni vitu vya bei ndogo.

Kwa wasomaji wengine wenye adapta nyingi kwenye droo: msizibadilishane kwa kuwa tu plagi imeingia. Adapta ya NES hutoa AC (umeme wa mkondo geu) volti 9, nayo ikiingizwa kwenye Famicom au Mega Drive, mashine ya Sega, zinazotaka DC, inaua. Mega Drive ya kwanza inataka hasi katikati ya plagi, ya pili inataka chanya. Nakala nyingi za Famicom hutaka DC volti 9 na zina 7805 ileile. Ukiipa volti 12 itawaka vizuri, lakini tofauti yote ile inageuka joto, na baada ya nusu saa picha huanza kutetemeka.

Sasa kaseti. Ya kwanza iwe Super Mario World (1990): ina njia 96 za kumalizia hatua, inahifadhi ulipofika, na inamvumilia mchezaji mgeni huku ikimwekea mwenyeji milango ya siri. Kwa wawili pamoja, Super Mario Kart (1992), na mfanye mazoezi ya kuruka kwa vitufe vya mabegani kabla ya kuingia kona, maana bila hiyo mtashindwa na mashine daraja la juu. Donkey Kong Country (1994) ina wawili wanaosaidiana. Kisha ziko mbili za kuchezwa na mtu mmoja kwa wiki kadhaa: The Legend of Zelda: A Link to the Past (1991) na Super Metroid (1994). Tukilazimishwa kubaki na moja kwa mashine nzima tungebaki na Super Metroid, kwa sababu haikuelezi kitu kwa maneno. Jinsi chumba kilivyojengwa ndiyo inakufundisha la kufanya, na ukirudi baadaye na kifaa kipya unaona kwamba mlango ulikuwapo muda wote.

Usinunue kaseti za Ulaya. Mashine yako ina chipu inayokagua eneo, na itazikataa. Za Japani zinakubalika na chipu hiyo, ila kuna vijino viwili vya plastiki ndani ya tundu vinavyozizuia kuingia. Fundi anaweza kuvikata kwa koleo dogo bila kugusa pini.

SWALI: NES yangu ya Marekani inaonyesha picha isiyo na rangi. Mwenzangu ana nakala ya Kichina yenye rangi safi, lakini muziki wa Mario kwake unavutavuta. Ipi ni mbovu? — Msomaji, Unguja

JIBU: Hakuna mbovu. Yako inatoa NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, picha 60 kwa sekunde. TV isiyoujua mfumo huo huonyesha umbo bila rangi, na nyingine huzungusha picha juu chini. Ingia kwenye mipangilio, tafuta mfumo wa rangi, weka otomatiki au NTSC 3.58. TV nyingi za chogo za miaka ya mwisho zinao.

Nakala ya mwenzako imetengenezwa kwa PAL, picha 50 kwa sekunde. Gemu hizi huhesabu kila kitu kwa picha: mwendo, mruko, noti za muziki. Gemu iliyoandikwa kwa picha 60 ikipewa 50, inakwenda kwa asilimia 83 hivi ya kasi yake. Ndiyo muziki unavuta. Kwa mtoto anayejifunza si hasara, na Contra inakuwa rahisi kidogo.

SWALI: Kaseti zangu hazisomi mpaka nizipulize. Siku hizi hata kupuliza hakusaidii. — Msomaji, Kilwa

JIBU: Acha kupuliza. Unyevu wa pumzi hushika pini kwa kitambo kidogo, ndiyo maana ulionekana kusaidia, lakini ndio unaoleta kutu. Kilichokuwa kikisaidia zaidi ni kule kuchomoa na kuchomeka upya. Pwani, kwenye hewa ya chumvi, kutu huja haraka zaidi.

Nunua spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 inafaa pia ukikosa, ila ina maji, iache ikauke muda mrefu zaidi. Chovya pamba ya masikio, futa pini za kaseti kwa kufuata urefu wake, pande zote mbili, ukibadilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Madoa meusi yasiyotoka yasugue taratibu kwa raba nyeupe ya penseli, kisha rudia spiriti kuondoa vumbi la raba. Subiri dakika kumi. Tundu la mashine nalo linachafuka: chomeka kaseti iliyosafishwa na kuichomoa mara tano au sita mashine ikiwa imezimwa, halafu isafishe tena hiyo kaseti, utaona uchafu ulioletwa. Msasa unakwangua dhahabu ya pini na baada ya hapo kutu haizuiliki. Petroli, thina na dawa ya kuondoa rangi ya kucha vinayeyusha plastiki.

Kama una NES halisi, ile inayolaza kaseti ndani, na taa inawaka na kuzima kila sekunde, hiyo ni chipu ya ulinzi inayoiwasha mashine upya kwa kukosa mawasiliano na mwenzake aliye ndani ya kaseti. Sababu ni uchafu au tundu la pini 72 lililolegea. Tundu jipya linauzwa na linabadilishwa kwa bisibisi, bila kulehemu. Famicom na nakala zake, zenye pini 60, hazina chipu hiyo: kwao uchafu huonekana kama skrini ya kijivu au herufi zilizovurugika.

SWALI: Ipo gemu ya mpira ya zamani inayostahili? — Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Kwenye Famicom, chagua Nintendo World Cup (1990). Wachezaji ni sita kila upande, hakuna faulo wala kuotea, na unamwongoza mchezaji mmoja tu. Wenzako unawaamuru, kitufe kimoja wakupe pasi, kingine wapige. Ukiizoea amri hiyo gemu inafunguka. Ukiicheza kama mpira wa kawaida utaiona ya hovyo. Timu ni 13 na Kamerun imo, mwaka uleule ilipofika robo fainali kule Italia. Iepuke ile iitwayo Soccer tu, ya 1985, ni nzito mno.

Ukiwa na Super Nintendo, International Superstar Soccer Deluxe ya Konami (1995) bado inachezeka leo bila kuionea huruma, na kwa kifaa cha kuongeza matundu ya pedi mnaingia watu wanne.

SWALI: Nacheza The Legend of Zelda, kila nikizima nakuta nimerudi mwanzo. — Msomaji, Eldoret

JIBU: Inategemea kaseti yako. Kama ni ya gemu nyingi, yaelekea haina betri, na hakuna la kufanya isipokuwa kuiacha inawaka. Kama ni halisi, ndani kuna betri ya CR2032 inayoshikilia kumbukumbu, na kaseti hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1987, betri imechoka. Fungua kwa bisibisi maalumu ya 3.8 mm, pima: betri mpya ina zaidi ya volti 3, ikiwa chini ya 2.5 badilisha. Nunua yenye masikio ya bati yaliyokwisha kushikishwa. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri, joto linaweza kuipasua. Weka alama ya chanya kabla ya kung'oa ya zamani, na ujue vilivyohifadhiwa vitafutika.

Pia shikilia Reset unapozima. Umeme unaposhuka, mashine inaweza kuandika takataka kwenye kumbukumbu, Reset inaizuia. Na huna haja ya kufa ndipo uhifadhi: fungua ukurasa wa silaha, chukua pedi ya pili, bonyeza juu pamoja na A.

Ukitaka gemu ndefu isiyohitaji betri, chukua Mega Man 2 (1988), inayotumia msimbo wa nukta unaouandika kwenye karatasi. Kati ya mabosi wake, anza na Metal Man, ambaye hata silaha ya kawaida inamtosha, kisha fuata mnyororo huu: Bubble, Heat, Wood, Air, Crash, Flash, Quick. Silaha utakayoipokonya kwa mmoja, au kwa mmoja wa waliomtangulia, ndiyo udhaifu wa anayefuata.

SWALI: Kwenye TV ya chogo namshinda kila mtu katika Punch-Out!!, kwenye TV bapa napigwa raundi ya kwanza. — Msomaji, Muscat

JIBU: Mikono yako ni ileile. TV bapa bila mpangilio wa gemu inaweza kuchelewesha picha kwa milisekunde 50 hadi 100 na zaidi. Picha moja ya mashine ni milisekunde 16.7, kwa hiyo unaona ngumi baada ya picha tatu hadi sita, na gemu hiyo ya 1987 inakupa nafasi finyu sana ya kukwepa. Unaweza kupima: toa waya wa sauti kwenye TV, uchomeke kwenye spika ya pembeni, cheza Mario uruke. Ukisikia mruko kabla hujauona, huo ndio ucheleweshaji wako.

Washa mpangilio wa gemu wa TV, zima kila kinacholainisha mwendo au kuondoa chenga. Tumia tundu la AV la TV yenyewe. Kwenye TV mpya huenda ni tundu moja dogo la 3.5 mm, na linahitaji waya wa TV hiyo, maana mpangilio wa ndani hutofautiana. Viboksi vya bei ndogo vya kugeuza AV kuwa HDMI vinaongeza kuchelewa, tena vinaisoma vibaya picha ya mistari 240 na kufanya vitu vinavyomemeta vipotee. Anayetaka kweli kutumia TV bapa atafute kifaa kilichotengenezwa kwa mashine za zamani, kama RetroTINK yenye tundu la AV. Kabla hujakipata, cheza zisizodai haraka: Zelda, Final Fantasy, Dr. Mario kwa kasi ya chini.

SWALI: Hivi vijiti vya HDMI vyenye gemu elfu kumi na pedi zisizo na waya vinafaa? — Msomaji, Kigali

JIBU: Kwa gemu za Famicom na Mega Drive vinatosha, za PlayStation nyingi hukwama. Jueni pia kwamba gemu hizo zimenakiliwa, na hakimiliki zake bado ziko hai. Kinachokufa kwanza ni kadi ya kumbukumbu iliyokuja nacho, ambayo kwa kawaida ni ya ubora wa chini. Siku ya kwanza, kabla ya kucheza, itoe, itie kwenye kompyuta, nakili kadi nzima kama taswira (image), yaani faili moja lenye kila kilichomo, si mafaili peke yake, kisha iandike kwenye kadi ya chapa inayoaminika yenye ukubwa uleule au zaidi. Pedi zikianza kukatikakatika, badilisha betri, halafu sogeza kijiti mbali na mgongo wa TV kwa kipande cha waya wa HDMI wa kurefushia. Bati la TV huziba mawimbi.